Kabla hatujamnunulia Mama kidude

Najua nimekuwa kimya muda mrefu. Sijawasahau, ni haya mambo ya kubeba boksi tu. Leo nimerudi kwa sababu ya ule mjadala wetu wa familia. Tangu Mama aanguke uani usiku akalala chini mpaka alfajiri, kila mtu ana kidude chake anachotaka tununue. Kaka anataka kamera, mdogo wetu anataka saa. Mimi nimeambiwa niangalie bei, maana niko Uingereza na kazi yangu ni kutunza wazee. Kabla ya bei, nivumilieni niwape historia kidogo.

Huku, baada ya Vita Kuu ya Pili, halmashauri zilijenga nyumba nyingi za wazee: kila mmoja na mlango wake, na msimamizi anaishi hapo hapo. Ukutani kulikuwa na kamba. Mzee akivuta, kengele inalia kwa msimamizi, naye anakuja kwa miguu yake. Kamba ilikuwa ya kumwita tu. Msaada wenyewe ulikuwa yule mtu.

Mambo yalibadilika simu ilipoingia. Marekani, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Boston, Andrew Dibner, alianzisha kampuni ya Lifeline Systems mwaka 1974. Mzee anavaa kitufe, akikibonyeza mashine iliyounganishwa na simu yake inaita msaada yenyewe. Huku nako vitufe vya namna hiyo vilienea sana. Faida yake ni kubwa, mzee anabaki nyumbani kwake. Lakini anayepokea simu sasa yuko mbali, hana mikono ya kumwinua. Inabidi ampigie mtoto au jirani mwenye ufunguo.

Na mzee mwenyewe je, atakivaa? Nilikuwa namhudumia babu mmoja hapa, kitufe chake alikitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa bafu. Kamba nayo aliifunga fundo juu, eti inamsumbua akifagia. Siku aliyoanguka aliviona vyote viwili kwa macho, asivifikie. Aliniambia kile kitufe kinamfanya ajione mgonjwa.

Wajapani walilifikiria hilo. Mwaka 1996 huko Tokyo, mama mzee na mwanawe mgonjwa walikutwa wamekufa ndani, mwezi mzima umeshapita. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ikatoa birika la umeme linalotuma taarifa. Mzee akijimiminia maji ya chai, birika linajua, na mwanawe aliye mbali anapata ujumbe kwa barua pepe. Hakuna kamera, hakuna cha kuvaa. Mwana anajua tu kwamba leo mama kanywa chai. Mimi hiyo naiona ni heshima. Kaka, unisamehe, lakini kamera chumbani kwa mama mzazi siiafiki.

Kisha zikaja saa. Mwaka 2018 Apple walitoa saa inayohisi mtu akianguka. Asipojitikisa kwa kama dakika moja, inapiga simu ya dharura yenyewe. Nzuri, ila lazima ichajiwe, na lazima upande wa pili kuwe na wa kuja.

Sasa sikilizeni hili la hapa Uingereza, maana nyumbani tunaujua mgao wa umeme. Simu za mezani za zamani zilipitia nyaya za shaba, na umeme wake ulitoka kituo cha simu. Taa zikizimika nyumbani, simu ya kawaida inaendelea kufanya kazi. Makampuni yakaanza kuzihamishia kwenye intaneti, ambayo inategemea umeme wa nyumbani. Umeme ukikatika na huna betri ya akiba, kitufe kimekufa. Serikali ilihesabu watu wapatao milioni 1.8 wanaotegemea vifaa hivi. Desemba 2023, baada ya baadhi ya wazee kubonyeza na simu isiende, makampuni yakakubali kusimamisha kuwahamisha watu kwa lazima. Mwaka uliofuata, tarehe ya kuzima laini za zamani ikasogezwa kutoka mwisho wa 2025 hadi Januari 2027.

Basi turudi kwa Mama. Usiku ule jirani alisikia sauti yake. Alikuja, akapiga hodi, akasukuma mlango. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alizunguka nyumba mpaka kulipokucha ndipo akapatikana kijana wa kuruka ukuta. Kwa hiyo Mama alishasikika bila kidude chochote. Tulichokosa ni njia ya kuingia.

Huku nje ya milango ya wazee wengi kuna kisanduku kidogo cha chuma chenye namba za siri, ndani yake ufunguo. Bei yake ni ndogo kuliko vyote mlivyovitaja. Naomba tuanzie hapo: komeo litolewe liwekwe kitasa kinachofunguka kwa nje, ufunguo mmoja kwa jirani, mmoja kwa Shangazi. Tuandike nani anapigiwa kwanza usiku, na nani akiwa safarini. Mama naye aulizwe anataka nini, maana mpaka leo hakuna aliyemuuliza.

Hayo yakishakuwa tayari, kitufe nitanunua mimi. Nijibuni, na mnisalimie Mama.