Chuma cha Moto Kinywani mwa Farasi

Mnyama hana ulimi wa kueleza maumivu yake. Akiumwa jino huacha chakula. Akiumwa tumbo huacha chakula vilevile. Na mtu amtazamaye hana budi kukisia. Katika Ulaya, kwa karne nyingi, dhana moja iligeuzwa kuwa hukumu. Farasi kijana alipokataa kula, mhunzi aliyempigilia viatu vya chuma alimfungua kinywa, akaona kaakaa limevimba nyuma ya meno ya mbele ya juu, akasema kwamba huo ndio ugonjwa. Waingereza waliuita lampas, na Shakespeare aliutaja miongoni mwa maradhi ya farasi katika tamthilia yake The Taming of the Shrew. Dawa yake ilikuwa chuma kilichotiwa motoni hata kikawa chekundu, kisha kaakaa likachomwa kwacho.

Walakini uvimbe ule aghalabu si ugonjwa. Meno ya mbele ya utoto ya farasi hung'oka na kufuatwa na ya utu uzima kuanzia umri wa miaka miwili na nusu hata karibu mitano, na katika muda huo kaakaa huvimba, mithili ya ufizi wa mtoto aotaye meno. Uvimbe hupungua wenyewe. Farasi aliyechomwa alirudia kula baada ya siku kadha wa kadha. Sifa ikapewa chuma, ilhali haki ilikuwa ya siku.

Kosa la kweli, lilipokuwapo, mara nyingi lilikaa nyuma zaidi, katika magego. Meno ya farasi hutokeza katika ufizi kiasi cha milimita 2 hata 3 kila mwaka, na majani huyasaga. Kwa kuwa taya la juu ni pana kuliko la chini, kingo za nje za magego ya juu na kingo za ndani za magego ya chini hazisagiki sawasawa. Huwa kali kama kisu, zikakata shavu na ulimi. Mnyama hutema mafundo ya majani yaliyotafunwa nusu. Yale ayamezayo bila ya kuyasaga vema huweza kukwama matumboni, naye hana uwezo wa kutapika. Hivyo dosari ya jino huwa msiba wa tumbo: msokoto, jasho na kugaagaa chini. Jino kali halitaki moto; lataka tupa.

Elimu ya kuona mbali zaidi ilikuja polepole. Mwaka 1598 kilichapwa Bologna kitabu cha Carlo Ruini kilichoonyesha viungo vya ndani vya farasi kwa picha. Mwaka 1761 Claude Bourgelat alipata idhini ya mfalme wa Ufaransa kuanzisha shule ya uganga wa wanyama mjini Lyon. Mwaka 1831 mwandishi Mwingereza William Youatt, katika kitabu chake The Horse, alilaani desturi ya kuchoma kaakaa.

Tumbo nalo lilikuwa na siri yake. Farasi mwenye msokoto alikuwa akitobolewa mshipa wa shingo ili apunguzwe damu. Mwaka 1870 Mjerumani Otto Bollinger alieleza kwamba minyoo hukaa katika mshipa mkubwa upelekao damu matumboni, na damu iliyoganda humo huziba njia. Basi mnyama ambaye utumbo wake ulikosa damu alikuwa akinyang'anywa hata ile aliyobakiwa nayo. Dawa ya minyoo iitwayo thiabendazoli ilipotoka mwaka 1961, ugonjwa huo ulianza kuzuiwa kabla ya kutokea.

Maarifa hayo yamefika pwani yetu. Huko Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na punda ndiye mchukuzi, kliniki ya punda ilifunguliwa mwaka 1987. Meno ya punda hutokeza kama ya farasi, na tiba ni ile ile: tupa kwa jino, dawa kwa minyoo.

Wahunzi wale hawakuwa watu katili kuliko wengine. Waliona uvimbe wakautibu, wala hawakutia mkono mpaka kwenye magego. Gharama ya pungufu hilo la mkono ililipwa na mnyama asiyeweza kusema kwamba hapo sipo.