Mawakili wa Thika na Ruiru na Masomo ya Sheria Nje ya Shahada

Nchini Kenya, wakili anayetaka kuzamia fani moja ya sheria, kama vile ardhi, kodi au usuluhishi, halazimiki kusomea shahada ya uzamili. Anaweza kuhudhuria semina au kozi fupi ya fani hiyo peke yake. Utaratibu huo umejengeka hatua kwa hatua.

Wakati wa ukoloni, Mwafrika aliyetaka uwakili alivuka bahari. C.M.G. Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili Kenya, alisomea Uingereza. Mwaka 1961 kamati ya jaji wa Uingereza, Lord Denning, ilipendekeza wanasheria wa Afrika wafunzwe kwao. Mwaka huohuo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam. Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya kikafuata mwaka 1963, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikaanza kufundisha sheria mwaka 1970.

Kwa miongo kadhaa, aliyekwisha kuapishwa hakudaiwa kurudi darasani. Hali ilibadilika katika miaka ya 2000, Chama cha Mawakili (LSK) kilipoyafanya masomo endelevu kuwa ya lazima. Wakili hutakiwa kupata pointi 5 kila mwaka ili aendelee kupewa cheti cha kufanyia kazi. Sheria ya mwaka 2012 ilikikabidhi pia Chuo cha Mafunzo ya Sheria jukumu la kutoa masomo hayo.

Thika na Ruiru, haja kubwa ni sheria ya ardhi. Mashamba makubwa ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za wanahisa, kisha yakakatwa ploti. Faili moja ya kesi huweza kuwa na cheti cha hisa, karatasi ya kura ya ploti na hatimiliki inayopingana navyo. Sheria mpya za ardhi zilipitishwa mwaka 2012, na mwaka 2020 ikaja ya umiliki wa nyumba za ghorofa. Aliyehitimu kabla ya hapo hakuzisoma chuoni.

Tatizo lilikuwa umbali. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kina makao yake Thika, na cha Jomo Kenyatta kiko Juja, katikati ya miji hiyo miwili. Lakini vyote viliweka masomo ya sheria Nairobi, kimoja Parklands na kingine Karen. Barabara kuu ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ilirahisisha safari. Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, semina nyingi zilihamia mtandaoni, na wakili wa Ruiru akaweza kusoma akiwa ofisini mwake.

Pointi za masomo endelevu hazigeuki shahada, wala hazimfanyi wakili mtu asiyesomea uwakili. Faida yake humfikia mteja: mwenye ploti anastahili wakili anayeijua sheria inayotumika leo.