Maestro (filamu ya 2023)

Maestro ni filamu ya Marekani ya mwaka 2023 inayosimulia ndoa ya Leonard Bernstein (1918–1990), mtunzi, mpiga piano na kiongozi wa okestra, na mwigizaji Felicia Montealegre (1922–1978). Iliongozwa na Bradley Cooper, ambaye pia aliandika mswada pamoja na Josh Singer na kuigiza kama Bernstein. Carey Mulligan ni Felicia, na jina lake ndilo linalotangulia kwenye orodha ya waigizaji. Mpangilio huo una maana yake: aliyekuja kumtazama mwanamuziki atajikuta muda mwingi anamtazama mkewe.

Kisa kinaanzia tarehe 14 Novemba 1943. Bernstein, kijana wa miaka 25, anaamshwa kwa simu: Bruno Walter anaumwa, na siku hiyo yeye ndiye atakayeongoza New York Philharmonic katika ukumbi wa Carnegie Hall, bila mazoezi. Anaruka kitandani, alimolala na mwanamume, na kamera inamfuata akikimbia kana kwamba chumba chake na ukumbi vimetenganishwa na mlango mmoja tu. Ndani ya dakika chache mtazamaji ameshajua mambo mawili ambayo mtu huyu ataishi nayo, kipaji chake na siri yake.

Felicia alizaliwa Costa Rica na kukulia Chile. Walikutana mwaka 1946, wakafunga ndoa mwaka 1951 na kujaliwa watoto watatu: Jamie, Alexander na Nina. Aliolewa akijua kwamba mumewe anavutiwa na wanaume. Filamu haimchori kama mke aliyedanganywa, na hapo ndipo penye uzito wake. Kinachomchosha ni kutunza siri ya mtu ambaye mwenyewe haitunzi. Jamie anapoanza kusikia minong'ono, Felicia ndiye anayemkataza Bernstein kumwambia ukweli. Bernstein anamweleza binti yake kwamba hayo ni maneno ya wenye wivu. Mnamo 1976 Bernstein alihama nyumbani, kisha akarudi kumuuguza Felicia alipopatikana na saratani.

Sehemu ya miaka ya ujana ni ya nyeusi na nyeupe, ya baadaye ni ya rangi, na mpiga picha Matthew Libatique alitumia filamu halisi ya milimita 35. Kuna picha moja inayobeba hoja nzima: Felicia amesimama kando ya jukwaa, na kivuli kikubwa cha mumewe anayeongoza kinamfunika. Ugomvi wao mkubwa, siku ya gwaride la Sikukuu ya Shukrani, umepigwa kwa kamera isiyosogea hata kidogo. Wanarushiana maneno makali huku nje ya dirisha puto kubwa la Snoopy likipita.

Tukio linalotajwa zaidi ni la Kanisa Kuu la Ely, Uingereza, ambako Bernstein aliongoza Simfoni ya Pili ya Mahler mwaka 1973. Cooper alirudi katika kanisa hilohilo na London Symphony Orchestra, na muziki ulirekodiwa papo hapo. Mwalimu wake alikuwa kiongozi wa okestra Yannick Nézet-Séguin. Cooper alisema alijifunza kwa miaka 6 kwa ajili ya muziki wa dakika 6 hivi. Jasho linamtiririka, mdomo unaimba pamoja na kwaya, mwili mzima unaruka. Wapo watakaoona amezidisha chumvi, lakini Bernstein mwenyewe alikuwa hivyo jukwaani.

Yaliyoachwa ni mengi. Bernstein aliongoza New York Philharmonic kuanzia 1958 hadi 1969, na vipindi vyake vya televisheni vya kuwafundisha watoto muziki vilimfanya ajulikane majumbani. Filamu inavigusa kwa mbali. Kutungwa kwa tamthilia yake ya muziki, West Side Story, hakuonyeshwi. Harambee ya mwaka 1970 nyumbani kwao kwa ajili ya wanachama wa chama cha Black Panther, iliyowaletea akina Bernstein kejeli nyingi magazetini, haimo kabisa, ingawa Felicia ndiye aliyeiandaa. Kwa filamu inayodai kumtazama mke, hilo ni pengo kubwa.

Kabla ya kuonyeshwa, mjadala ulikuwa juu ya pua. Cooper, asiye Myahudi, alivaa pua ya bandia iliyotengenezwa na Kazu Hiro, na wengine wakaona ni dhihaka ya zamani dhidi ya Wayahudi. Watoto wa Bernstein walimtetea, wakisema baba yao kweli alikuwa na pua kubwa.

Filamu ilizinduliwa katika Tamasha la Venice Septemba 2023, Cooper akiwa hayupo kwa sababu ya mgomo wa waigizaji, na ikaingia Netflix tarehe 20 Desemba. Martin Scorsese na Steven Spielberg ni miongoni mwa watayarishaji. Iliteuliwa kuwania tuzo 7 za Oscar, zikiwemo za filamu bora, mwigizaji bora wa kiume na wa kike, na upambaji wa nyuso na nywele. Haikupata hata moja.