Dimoongo na Ujamaa: Jina la Kinyago na Kazi ya Mchongaji

Neno ujamaa, kwa maana yake ya siasa, lilienezwa na Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kuanza masomo katika shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Wageni watokao Mwanza, wakipita Bunda kwenda kuzuru kaburi lake Butiama, hulikumbuka neno hilo pamoja na jina lake. Kwa kuwa kipo pia kinyago kiitwacho ujamaa, ni rahisi kudhani kwamba kinyago hicho kilizaliwa na siasa. Historia yaonyesha vingine.

Wachongaji wa kinyago hicho hawakuwa watu wa Mara. Walikuwa Wamakonde, na wengi wao walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi Tanganyika. Miongoni mwao alikuwa Roberto Yakobo Sangwani, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1950. Yasimuliwa kwamba alimchonga bingwa wa mieleka akiinuliwa juu na wenzake. Kazi ya namna hiyo iliitwa dimoongo, neno la Kimakonde lenye maana ya nguvu. Baadaye mahali pa bingwa pakashikwa na mama au mzee, na waliombeba wakawa jamaa zake, kizazi juu ya kizazi. Siasa ya ujamaa ilipoenea, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, jina jipya likalifunika la kwanza.

Jina hilo halikukosea, kwani watu wa kinyago wanategemeana kweli. Lakini lilificha mambo mawili. La kwanza ni mti. Mpingo ni mgumu, tena mzito hata huzama majini; kiini chake ni cheusi, na ganda lake la ndani ni jeupe lenye umanjano. Mara nyingi gogo lake huwa limepinda au lina uwazi. Mchongaji hulizungusha na kulitazama kabla ya kushika tezo. Penye pindo huona mgongo, penye tundu huona nafasi kati ya mikono miwili. Umbo la watu waliopandana hutokana pia na wembamba wa gogo lenyewe.

La pili ni hisi ya mchongaji. Samaki Likankoa, aliyeanzisha vinyago vya shetani Dar es Salaam karibu na mwaka 1959, asimuliwa kuwa alivunjikiwa mkono wa sanamu ya mtu. Hakuitupa, aliyafuata mabaki hayo mpaka yakawa kiumbe cha ajabu. Hapo hapakuwa na fundisho la siasa wala agizo la mnunuzi. Mti ulikataa, naye akajibu, kama mshairi ambaye kina kimemnyima neno alilolitaka kikampa lililo bora.

Methali yasema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Ni kweli, lakini chaweza kukushangaza, kwa sababu mti nao ulikuwa na shauri lake. Basi mwanafunzi wa lugha akutanapo na jina la kinyago asilichukue kuwa ndiyo maana yake yote. Neno la mwana wa Butiama lilikipa kinyago msamiati wa taifa zima. Dimoongo hulinda kumbukumbu ya mikono iliyomwinua bingwa. Kamusi ya sanaa yetu yapasa kuyaandika majina yote mawili, na lililotangulia litajwe kwanza.