Bakteria Hawazoei Dawa: Stori ya Herufi Moja

Kuna msemo tunaupenda sana mtaani: "Huyo mdudu ashazoea dawa." Mtu amemeza vidonge siku tatu, kifua bado kinabana, basi anaambiwa vijidudu vimezoea, abadilishe dawa. Unaingia akilini haraka, si ndio? Sasa sikieni, wasee. Wanasayansi walibishana juu ya wazo hilo hilo miaka zaidi ya 80 iliyopita, na jibu walilopata linaupindua msemo wetu kabisa. Tena sehemu muhimu ya historia hiyo ilifanyika hapa kwetu, na sijui ni kwa nini hatuisikii shuleni.

Turudi 1943. Salvador Luria, Muitaliano aliyekimbia ufashisti, alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani. Alikuwa na swali. Ukiwamwagia bakteria virusi vinavyowaua, karibu wote wanakufa, lakini wachache wanabaki na kuzaana. Je, hao wachache walijifunza kujikinga baada ya kukutana na virusi, ama walikuwa wamebadilika tayari, kabla adui hajafika?

Wazo lilimjia kwenye sherehe ya densi, akimtazama mwenzake akicheza mashine ya kamari. Nyinyi mnaozijua hizi mashine za sarafu zilizojaa kwenye maduka ya mtaani mtaelewa haraka: mara nyingi unaambulia patupu, halafu siku moja moja inamwaga. Luria akawaza hivi. Kama bakteria wanajifunza baada ya kukutana na virusi, basi kila chupa itabaki na manusura wanaokaribiana kwa idadi. Lakini kama mabadiliko yanatokea kibahati nasibu wakati wanazaana, chupa nyingi zitabaki na sufuri ama wachache tu, na chupa chache zitakuwa na jakpoti, kwa sababu humo badiliko lilitokea mapema likapata muda wa kuzaa wajukuu na vitukuu. Alipohesabu, akakuta jakpoti. Max Delbrück, mwanafizikia Mjerumani, akaiwekea hesabu, na wakachapisha mwaka huo huo.

Mwaka 1952 Esther na Joshua Lederberg wakaonyesha jambo lile lile kwa kutumia kipande cha kitambaa cha mahameli. Waligusisha kitambaa kwenye sahani yenye bakteria, kisha wakakipiga kama muhuri kwenye sahani nyingine zenye dawa ya streptomisini. Manusura walitokea mahali pale pale kwenye kila sahani. Wakarudi kwenye sahani ya kwanza, ambayo haikuwahi kuonja dawa, wakatafuta sehemu hizo, na humo ndimo walimopata bakteria sugu. Walikuwepo kitambo. Dawa haikuwafundisha kitu. Dawa iliwaua majirani zao na kuwaachia mtaa mzima.

Hiyo streptomisini nayo ina stori yake. Iligunduliwa mwaka 1943 na Albert Schatz, kijana wa miaka 23, kutoka kwa vijidudu vya udongo, kwenye maabara ya Selman Waksman huko New Jersey. Ilikuwa dawa ya kwanza ya antibiotiki kuweza kupigana na TB. Waksman akapata Nobel peke yake mwaka 1952, na Schatz akaachwa nje. Lakini hiyo ni vita ya siku nyingine.

Uingereza iliijaribu kuanzia 1947 kwa wagonjwa 107: 55 walipewa streptomisini na kupumzika kitandani, 52 walipumzika tu. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa walikuwa wamekufa 4, na wasiopewa 14. Ungesema muujiza. Lakini miaka mitano baadaye, vifo vilikuwa 32 kati ya wale 55, na 35 kati ya wale 52. Pengo lilikuwa karibu limezibika. Kwa wagonjwa wengi, bakteria sugu walikuwa wamechukua nafasi ya wenzao waliokufa.

Ilitokeaje? Hapo inabidi tuingie ndani ya bakteria wenyewe.

Kila bakteria ana DNA, yaani maagizo yaliyoandikwa kwa herufi nne. Maagizo hayo yananakiliwa kwenye RNA, kisha mtambo unaoitwa ribosomu unayasoma herufi tatu tatu, na kila tatu zinaitisha asidi amino moja. Asidi amino zikiunganishwa kama shanga, unapata protini. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walichukua maji ya ndani ya bakteria waliosagwa, wakayatilia RNA yenye herufi U tupu, ukatoka mnyororo wa asidi amino aina moja tu, fenilalanini. Kufikia 1966 kamusi yote ya maneno 64 ilikuwa imesomwa.

Streptomisini inashambulia hiyo ribosomu. Inaikalia na kuifanya isome vibaya, protini zinatoka kombo, na bakteria anakufa.

Sasa fikiria namba ya M-Pesa. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaenda kwa mtu mwingine. DNA inaponakiliwa, makosa ya aina hiyo hutokea mara moja moja. Mengi hayafanyi lolote, mengine yanamharibu bakteria mwenyewe. Lakini kuna moja linalopatikana sana kwa bakteria wa TB wanaoshinda streptomisini: kwenye jeni inayoitwa rpsL, neno la 43, AAG linageuka AGG. Herufi moja tu. Badala ya lisini, inawekwa ajinini. Na protini hiyo ni kipuri cha ribosomu yenyewe, karibu kabisa na pale dawa inapokaa! Mtambo unaendelea kutengeneza protini kama kawaida, lakini dawa haiwezi tena kuuvuruga.

Ukielewa hapo, utaelewa kwa nini TB haitibiwi kwa dawa moja. Rifampisini haigusi ribosomu, inamshika yule karani anayenakili DNA kwenda RNA. Tuseme kwa mfano kwamba bakteria mmoja kwa milioni ana badiliko la kushinda dawa ya kwanza, na mmoja kwa milioni la kushinda ya pili. Kumpata mwenye yote mawili ni mmoja kwa trilioni. Ile kamari ya Luria imegeuzwa sasa, mwenye mashine ni daktari.

Na hapa ndipo sisi tunaingia. Zamani matibabu ya TB yalichukua mwaka mmoja na nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walishiriki majaribio yaliyofanywa pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Walipewa streptomisini na isoniazidi, wengine wakaongezewa rifampisini ama pirazinamaidi, kwa miezi sita tu. Matokeo yalianza kuchapishwa 1972, na yakasaidia kuifanya miezi sita kuwa kipimo cha dunia nzima. Wanaotajwa kwenye vitabu ni madaktari. Waliomeza dawa na kudungwa sindano kila siku ni watu wetu, na majina yao huyapati popote.

Ndiyo maana huu msemo wa "kuzoea" unanikera. Unamfanya mtu afikiri kwamba dawa ni kama pilipili, ukikaa nayo sana ulimi unazoea, kwa hivyo afadhali kuacha mapema. Kwa TB ni kinyume kabisa. Ukiacha mwezi wa pili kwa sababu kikohozi kimeisha, unawaacha hai wale wagumu, na nafasi tele ya kuzaana. Halafu unamkoholea mtu kwenye matatu, na anayepanda na wewe hakuwahi kuruka hata kidonge kimoja. Vilevile ukinunua kapsuli nne za antibiotiki kwa kemisti kwa sababu ya mafua, ambayo ni ya virusi, hutibu kitu. Unachofanya ni kuwachuja bakteria wako na kuwabakisha sugu.

Kwa hivyo mtu akikwambia mdudu amezoea dawa, mwambie hapana. Mdudu hakujifunza kitu. Alibadilika herufi moja kwa bahati, kisha sisi tukamfagilia njia.