HERUFI ZA OSMAN NA SUALA LA UMMA

Wakoloni walipenda kudai kwamba Mwafrika hana maandishi, na asiye na maandishi hana historia. Katika Somalia dai hilo lilijibiwa na mshairi. Kati ya 1920 na 1922 Osman Yusuf Kenadid, mwalimu na mtu wa nyumba ya kisultani ya Hobyo, alibuni herufi za kuandikia Kisomali. Wasomali walikuwa na hazina kubwa ya mashairi, lakini hazina hiyo ilikaa vichwani mwa watu. Herufi za Kiarabu walizozizoea masheikh zina alama tatu tu za irabu fupi, nazo irabu za Kisomali ni nyingi zaidi. Osman alifuata mpangilio wa alfabeti ya Kiarabu, akaandika kutoka kushoto kwenda kulia, na maumbo akayatunga mwenyewe, hata ya tarakimu.

Haikuwa kazi ya udadisi tu. Somali Youth League, iliyoanza mwaka 1943 kama klabu ya vijana na kuwa chama cha siasa mwaka 1947, ilizikubali herufi hizo katika mpango wake. Zikawa silaha ya utaifa.

Kwa nini basi hazikushinda? Wapo wanaosema ni suala la mashine: hapakuwa na taipureta wala mitambo ya kuchapia herufi hizo. Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Jirani yao Ethiopia ilichapa magazeti kwa herufi zake yenyewe, kwa sababu dola iliamua hivyo. Ugumu hasa ulikuwa ndani ya jamii. Koo nyingine ziliziona kuwa mali ya Majeerteen, ukoo wa Osman. Masheikh walitaka Kiarabu. Maofisa wengi waliosomeshwa na mkoloni walitaka Kilatini. Tena wabunifu wengine walijitokeza: Sheikh Abdurahman Sheikh Nur alitoa herufi za Borama mwaka 1933, na Hussein Sheikh Ahmed Kaddare akatoa zake mwaka 1952. Serikali za kiraia zilizofuata uhuru wa 1960 ziliunda kamati, zikapokea mapendekezo, zikaogopa kuamua.

Uamuzi ulitolewa na utawala wa kijeshi tarehe 21 Oktoba 1972: Kilatini. Mwaka 1974 wanafunzi na walimu wao walipelekwa malishoni kuwafundisha wafugaji kusoma. Kilatini hakikuwa cha ukoo wowote, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake. Lakini tusijidanganye kwamba alfabeti ilifuta ukoo. Utawala ule ule uliutumia ukoo kujilinda, na mwaka 1991 dola ikaanguka.

Yasin, mwana wa Osman, alirithi herufi za baba yake pamoja na mapenzi yake kwa lugha. Mwaka 1976 ilitoka Mogadishu kamusi yake kubwa ya Kisomali kwa Kisomali. Aliiandika kwa herufi za Kilatini.