Somo la Afya: Mafundi wa Ini na Maadui Wao Wawili

Ndugu wanafunzi wa Morogoro mjini, Matombo, Mgeta na Kinole, fungueni daftari zenu, tuanze.

Mtu akivimba tumbo, macho yake yakawa ya manjano, mara nyingi husemwa amerogwa, na jirani akalaumiwa bure. Leo tutasoma jinsi wataalamu walivyofuatia chanzo kimoja kikubwa cha ugonjwa huo, mpaka wakakifikia ndani kabisa ya ini.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana ziitwazo seli. Ndani yake mna maandishi ya urithi yaitwayo DNA, ambayo huiagiza seli kazi zake. Maandishi hayo huharibika kila siku, na seli inayo mafundi wa kuyatengeneza. Mwazijua njia za Uluguru wakati wa masika: mvua hubomoa, watu hutoka na majembe kuziba. Shimo lisipozibwa leo, kesho ni korongo. Ndivyo ilivyo katika seli. Kosa lisilotengenezwa kabla seli haijagawanyika hurithiwa na seli mpya, na makosa yakizidi huweza kuleta saratani.

Adui wa kwanza alijulikana kwa ajili ya bata mzinga. Mwaka 1960 walikufa zaidi ya 100,000 huko Uingereza, baada ya kulishwa mashudu ya karanga zilizoota kuvu. Sumu ile twaiita sumukuvu. Mwaka 1966 na 1967 wataalamu walipima sampuli 480 za vyakula vya wenyeji wa Uganda. Karibu tatu katika kila kumi zilikuwa na sumukuvu. Na palipokuwa na sumu nyingi, ndipo palipokuwa na saratani ya ini zaidi. Sumu hii ikifika katika ini, hunata kwenye DNA na kuiharibu.

Adui wa pili ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 1965 Mmarekani Baruch Blumberg alitangaza kwamba ameona kitu kigeni katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia. Baadaye ikajulikana kuwa ni sehemu ya virusi hivyo, na mwaka 1976 alipewa Tuzo ya Nobel. Virusi hivi hupita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama hadi mtoto anapozaliwa. Mtu aweza kukaa navyo miaka mingi bila kujua.

Je, huwafanyia nini mafundi? Virusi hutengeneza protini ndogo iitwayo X. Mwaka 1995 ilitangazwa kwamba X hushikamana na DDB1, protini ya seli inayosaidia kutambua mahali DNA ilipoharibika. Katika maabara, seli zenye X zimeonekana kutengeneza DNA yao polepole zaidi. Tena, ini lenye ugonjwa hupoteza seli nyingi, na zilizobaki hugawanyika upesi kuziba pengo, kabla mafundi hawajamaliza kazi.

Maadui hawa wakikutana, hatari huzidi sana. Huko Shanghai, China, wanaume zaidi ya 18,000 walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 1994. Sumukuvu peke yake iliongeza hatari ya saratani ya ini mara 3 hivi. Virusi peke yake mara 7. Vyote pamoja karibu mara 60. Mmoja hubomoa njia, mwingine huwafunga mafundi mikono.

Jambo hili si la mbali. Mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu wapatao 20 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Nasi huku, upande wa mashariki wa Uluguru, mvua ni nyingi na kukausha mahindi ni kazi. Yaanikeni juu ya turubai au jamvi, si juu ya udongo. Chambueni punje zenye kuvu, wala msizipikie pombe, kwani moto hauiondoi sumu yote. Wapelekeni watoto kliniki wakapate chanjo. Tangu mwaka 2002 Tanzania huwachanja watoto wachanga dhidi ya virusi hivi. Nanyi watu wazima, ombeni kupimwa damu.

Maswali ya kujadiliana:
1. Kwa nini sumukuvu na virusi ni hatari zaidi vikiwa pamoja?
2. Kijijini kwenu mahindi hukaushwa wapi?
3. Utamwambia nini anayesema mgonjwa wa ini amerogwa?